Kuzijua Nguvu za Injini Kabla ya Kutia Saini

(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu meneja na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi, katika semina ya ununuzi wa vyombo vya usafiri na zana za kilimo)



Nilipoombwa nizungumze juu ya ununuzi wa magari na matrekta, huenda mlitazamia niwaeleze habari za zabuni, mihtasari ya vikao na saini za benki. Hayo mmekwisha kuyasikia kwangu mara nyingi hata yamewachosha, na yapo katika miongozo yenu. Leo nimechagua mstari mmoja tu wa profoma, ule ambao aghalabu tunaupita upesi kwa sababu tunaona haya kusema kwamba hatuuelewi. Ni mstari unaotaja nguvu ya injini.

Ninayo sababu ya kuuchagua. Mstari huo uliwahi kunifanya nimdhulumu mtu.

Mwaka 2009, nikiwa katika mwaka wangu wa tatu kazini, nilitumwa kukagua chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa katika Nyanda za Juu Kusini. Chama hicho kilikuwa kimenunua gari jipya la kubebea mizigo, Toyota Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya silinda 6, ile ambayo mafundi huiita 1HZ. Kwa chama cha kiasi kile lilikuwa jambo kubwa. Wanachama walikuwa wamekatwa fedha kwa kila kilo ya kahawa kwa misimu mitatu ili gari lipatikane. Nikafungua jalada. Profoma ya muuzaji ilisema nguvu ya injini ni 131. Hati iliyofuatana na gari kutoka bandarini ilisema nguvu ya injini ni 96. Nikatoa ya pili katika ya kwanza, nikapata 35, na bila kusita nikaandika hoja ya ukaguzi kwamba gari lililopokelewa silo lililolipiwa, kwamba pana upungufu wa zaidi ya robo ya nguvu, na kwamba Katibu wa chama atoe maelezo.

Katibu alikuwa mzee aliyekaribia miaka 60, mtu wa hati nzuri, ambaye vitabu vyake vya stakabadhi sikuwahi kuona vimefutwafutwa. Alinijibu kwa maneno ninayoyakumbuka hadi leo: "Bwana Mkaguzi, mimi nilihesabu matairi, nikahesabu spana, nikasoma namba ya injini na namba ya chesisi. Hao farasi sikuwahesabu, ningewaona wapi?"

Jibu lile nililiona ni dhihaka. Bodi nayo ililiona hivyo. Akasimamishwa kazi, na katika mkutano mkuu maalum wanachama walisema maneno ambayo si vema kuyarudia mbele yenu. Alikaa nyumbani wiki saba.

Aliyenitoa gizani ni fundi wa karakana moja mjini, mtu mzima, ambaye nilimpelekea zile karatasi mbili ili anipe ushahidi zaidi wa kumtia hatiani yule mzee. Alizisoma, akacheka, kisha akaacha kucheka alipoona uso wangu. "Mwanangu," aliniambia, "karatasi hii imeandikwa PS, na hii imeandikwa KW. Umemtoa mtu kazini kwa sababu ya kilo na ratili." Akachukua kalamu yangu mwenyewe, akaandika katika daftari langu: 96 mara 1.36 ni 130.56. Gari lilikuwa lilelile.

Herufi zile zilikuwapo muda wote. Zilikuwa ndogo, pembeni ya namba, nami sikuziona kwa kuwa sikujua kama kuna haja ya kuzitazama. Mimi niliishia kidato cha nne, na hesabu za kuzidisha hazikunishinda. Kilichonishinda ni kudhani kwamba namba ikishaandikwa katika karatasi yenye muhuri imekamilika. Nilirudi katika chama kile, nikasimama mbele ya mkutano mkuu, nikaifuta hoja yangu. Mzee alirudishwa kazini na kulipwa mshahara wa wiki zile saba. Msimu uliofuata aliomba kustaafu kabla ya wakati wake, na sikuwa na uso wa kumwuliza sababu.

Basi tuanze na asili ya jambo lenyewe.

Nguvu, kwa maana ya mafundi, ni kazi inayofanyika kwa muda fulani. Wapagazi wawili wakipandisha kila mmoja gunia moja katika ghala, kazi yao ni sawa. Lakini akiwa mmoja ametumia dakika moja na mwingine dakika mbili, wa kwanza ametoa nguvu maradufu. Hilo ndilo jambo linalopimwa katika injini: uzito gani, umeinuliwa umbali gani, kwa muda gani.

Habari ya farasi ilianzia Uingereza katika karne ya 18. James Watt, Mskoti aliyeiboresha injini ya mvuke, alikuwa akiuza mashine zake kwa watu waliokuwa wakiendesha mitambo kwa farasi. Mteja wa namna hiyo hakuwa na haja ya maelezo marefu. Alitaka kujua kama mashine hii itachukua nafasi ya farasi wangapi. Watt akakadiria kwamba farasi mmoja huweza kufanya kazi ya kuinua ratili 33,000 kimo cha futi 1 kwa kila dakika. Farasi wa kawaida hawezi kudumu hivyo kutwa nzima, na pengine Watt alipendelea kuzidisha ili mteja asije akalalamika baadaye. Hata hivyo kipimo kikashika, kikaenea duniani, na hata sisi wa nchi ya ng'ombe na punda, ambao wengi wetu tumemwona farasi katika picha tu, tukakipokea.

Bara la Ulaya lililotumia kilo na mita halikutaka ratili na futi. Wajerumani, Wafaransa na Wataliano wakajitengenezea farasi wao: kuinua kilo 75 kimo cha mita 1 kwa sekunde 1. Mjerumani humwandika PS, Mfaransa huandika ch au CV, Mtaliano CV. Japani nayo ilimchukua farasi huyuyu, ndiyo maana katika vitabu vya magari ya Kijapani mnaikuta alama ya PS. Farasi wa Kiingereza, anayeandikwa HP au BHP, akigeuzwa katika kilo anakuwa kama kilo 76. Kwa hiyo farasi hawa wawili ni ndugu wanaokaribiana sana, lakini si pacha.

Kisha kipo kipimo cha tatu, kilowati, chenye alama kW, ambacho ndicho kipimo rasmi cha mataifa. Kilowati 1 ni sawa na kuinua kilo 102 hivi kimo cha mita 1 kwa sekunde 1. Hapa, ndugu wajumbe, naomba mnisikilize vizuri, maana mfano huu ndio uliobaki kichwani mwangu tangu nilipoelezwa. Kilowati ni gunia la mahindi la kilo 100. Farasi ni gunia lililojazwa robo tatu. Mtu akikuambia nina magunia 96 yaliyojaa, na mwingine akakuambia nina magunia 131 ya robo tatu, usikimbilie kusema wa pili ni tajiri zaidi. Wote wawili wana mahindi yaleyale.

Kwa anayetaka hesabu kamili: farasi 1 wa metriki ni kilowati 0.7355, na farasi 1 wa Kiingereza ni kilowati 0.7457. Ukitoka kwenye kilowati kwenda kwa farasi wa metriki unazidisha kwa 1.36, kwenda kwa farasi wa Kiingereza unazidisha kwa 1.341. Ile Land Cruiser ya kilowati 96, kwa hiyo, ni farasi 131 wa metriki na farasi 129 wa Kiingereza. Namba tatu, injini moja. Na ukiwa kikaoni bila kikokotoo, chukua robo tatu ya farasi upate kilowati, au ongeza theluthi juu ya kilowati upate farasi. Utakosea kidogo, lakini hutakosea kwa 35 kama mimi.

Sasa tuseme bodi yenu imepokea profoma tatu za magari ya bei moja. Ya kwanza inasema 100 HP, ya pili inasema 101 PS, ya tatu inasema 75 kW. Nimewahi kukaa katika kikao ambamo mjumbe alisimama akasema kwa sauti kubwa kwamba la tatu liondolewe mara moja, kwa kuwa ni dhaifu. Tuzigeuze zote. Ya kwanza ni kilowati 74.6. Ya pili ni 74.3. Ya tatu ni 75 kamili, nayo ndiyo yenye nguvu kupita zote, ingawa tofauti yenyewe ni ndogo kiasi kwamba dereva hataijua. Bodi ingetupa gari kwa sababu ya herufi.

Lipo na jambo la kuudhi zaidi. Wauzaji wengi, hasa wa zana zinazotengenezwa Ulaya na Asia, huandika HP ilhali wanamkusudia farasi wa metriki. Si lazima iwe hila, ni mazoea. Tofauti ya farasi hao wawili haifiki hata mbili kwa mia, kwa hiyo kwa hilo peke yake sitawashauri mkatae gari. Lakini karatasi mbili za gari moja zikitofautiana kwa farasi mmoja au wawili, msiandike barua ya kushtaki mtu. Gawanyeni kwanza.

Wengine huchanganya nguvu na ujazo wa silinda, yaani zile "sisi" ambazo ushuru wetu wa magari huzitazama. Ujazo ni ukubwa wa chungu, si wingi wa moto. 1HZ ina ujazo wa sentimita 4,164, na ndugu yake aliyeitwa 1HD-T ana ujazo uleule wa 4,164, lakini huyu wa pili amewekewa turbo, naye alitajwa kuwa na farasi wa metriki 165 hivi. Kadhalika, wapo farasi wa kodi. Ufaransa ilikuwa ikiyapanga magari katika madaraja ya kodi kwa kuhesabu farasi wa vitabuni, na gari la Citroën 2CV, lililoonyeshwa Paris mwaka 1948, lilipata jina lake kwa daraja hilo. Jina linasema farasi 2. Injini ilikuwa na 9.

Hadi hapa nimezungumza juu ya kipimo. Jambo zito zaidi ni lile lililopimwa, na hapa hata kilowati haiwezi kukuokoa.

Ninyi nyote mnaijua lumbesa. Gunia linaitwa gunia, lakini juu yake kimeshonewa kilemba, na mkulima analipwa gunia moja. Katika injini pana lumbesa ya upande wa pili: muuzaji huhesabu na kilemba. Injini inaweza kupimwa ikiwa imewekwa peke yake juu ya meza ya majaribio, bila feni, bila jenereta ya kuchajia betri, bila kisafisha hewa, na bomba la moshi likiwa wazi. Hiyo ni nguvu ghafi. Au inaweza kupimwa ikiwa imevaa kila kitu inachovaa ndani ya gari. Hiyo ni nguvu halisi. Wamarekani kwa miaka mingi walitangaza nguvu ghafi. Kuanzia magari ya mwaka 1972 wakageukia nguvu halisi, na ikawa kama kwamba magari yote ya nchi ile yameugua kwa usiku mmoja. Gari moja kubwa la fahari, Cadillac Eldorado lenye injini ya lita 8.2, lilitangazwa kwa farasi 365 mwaka 1971, na mwaka 1972 likatangazwa kwa farasi 235. Farasi 130 walikuwa wa karatasi. Wajerumani, kwa kanuni yao iliyoandikwa DIN 70020, walikwisha kupima injini ikiwa imevaa, na Wajapani nao waliacha nguvu ghafi katika miaka ya 1980. Kwa hiyo mkiletewa kitabu cha lori kuukuu la Kijapani la miaka ya 1970 na mkakilinganisha na kitabu cha lori la karibuni, msishangae la zamani likionekana simba.

Ndugu Mwenyekiti, ningependa kukaa kidogo juu ya habari ya wakulima wa Nebraska, katika Marekani, kwa sababu ni habari ya watu kama sisi. Baada ya matrekta kuanza kuuzwa kwa wingi, viwanda vilichipuka kama uyoga, na kila kimoja kilitangaza nguvu kilivyotaka. Mkulima mmoja aitwaye Wilmot Crozier alinunua trekta la kampuni moja ya Minneapolis, likawa halifanyi kazi iliyotangazwa. Hakuishia kulalamika sokoni. Alichaguliwa kuingia katika bunge la jimbo, na mwaka 1919 ikapitishwa sheria kwamba hakuna aina ya trekta itakayouzwa Nebraska mpaka ipimwe na Chuo Kikuu cha jimbo mjini Lincoln, na matokeo yalinganishwe na maneno ya muuzaji. Sheria hiyohiyo ilimtaka muuzaji aweke akiba ya vipuri ndani ya jimbo. Mwaka 1920 trekta la kwanza, aina ya Waterloo Boy, likapita katika jaribio. Lilikuwa likitajwa kwa namba mbili, 12 na 25: farasi 12 kwenye ndoano ya kuvutia, na farasi 25 kwenye mkanda wa kuendeshea mashine. Tazameni uaminifu wa namba mbili hizo. Trekta moja, lakini mwenye kulima ataona 12, na mwenye kupura nafaka ataona 25.

Nasi tulikuwa na mwanzo wa namna hiyo. Vyama vya pamba vya Kanda ya Ziwa, vilivyokusanyika katika miaka ya 1950 chini ya uongozi wa watu kama Paul Bomani, vilipata nguvu kwa sababu wakulima walichoshwa na mizani ya wanunuzi. Walitaka mtu wao asimame kando ya mizani. Tumekuwa hodari kusimama kando ya mizani ya pamba, ya kahawa na ya korosho. Lakini siku tunapokuwa sisi ndio wanunuzi, na mizani iko mkononi mwa muuzaji wa mashine, tunakaa kimya.

Kwa trekta, basi, ulizeni nguvu ya wapi. Massey Ferguson 135, ambalo wazee wengi humu walijifunzia kuendesha, injini yake hutajwa kuwa na farasi 45 hivi; shafti ya nyuma ya kuendeshea mashine, ile madereva huiita PTO, ilitoa karibu 38 ilipopimwa Nebraska. Na kwenye ndoano, katika udongo laini, nguvu hupungua tena. Chama kinachonunua mashine ya kukoboa au pampu ya kuendeshwa na trekta kikalinganisha mahitaji yake na nguvu ya injini, kitajikuta na mashine inayokorofisha injini kila siku. Magari nayo yana upotevu wake: kati ya injini na matairi, giaboksi na difu hula sehemu moja kwa kumi au zaidi.

Halafu iko milima yetu. Namba za karatasini hurekebishwa ziwe kama za mahali palipo karibu na usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo huvuta hewa iliyopo, na hewa ya juu ni nyepesi. Mafundi hukadiria kwamba hupoteza kama sehemu moja kwa kumi kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya bahari. Ile Land Cruiser ya mzee wangu, kwa hiyo, iliyokuwa na kilowati 96 iliposhushwa bandarini, ilipofika kwa mwenyewe ilikuwa na kilowati 80 hivi, na hakuna aliyeiba hata moja. Nikikumbuka kwamba madereva wa chama kile walikuwa wamekwisha kulalamika gari halipandi vizuri likiwa na shehena, na kwamba malalamiko hayo niliyatumia kama ushahidi wa pili dhidi yake, naona aibu upya. Kama chama chenu kiko milimani, injini yenye turbo si anasa. Turbo huisukumia injini hewa, na upungufu huo kwa sehemu kubwa haupo.

Nimalizie na jambo la mizunguko. Nguvu inayotajwa hupatikana katika mwendo mmoja tu wa injini, na mwendo huo huandikwa kando yake. Kwa 1HZ ni mizunguko 3,800 kwa dakika. Dereva gani wa chama anapanda mlima na kahawa akiwa amekanyaga hadi 3,800? Kwa kazi ya kubeba, tazameni pia nguvu ya kuzungusha, ambayo ndiyo hulitoa gari mahali liliposimama na kuliburuza katika gia. Hiyo hupimwa kwa nyutoni-mita. 1HZ ina 285 katika mizunguko 2,200. Hapa pia kuna mtego wa vipimo: vitabu vya Kijapani vya zamani hutumia kilo-mita, na injini hiyohiyo itaandikwa 29, Mwingereza atatumia ratili na futi, aandike 210. Na vitu hivi viwili vina uhusiano ambao kila Katibu Meneja anaweza kuuhesabu: zidisha nyutoni-mita kwa mizunguko, gawanya kwa 9,549, upate kilowati. 285 mara 2,200, gawanya kwa 9,549, ni kilowati 66 hivi. Hiyo ndiyo nguvu dereva aliyo nayo katika mwendo wa kufanyia kazi, na ndiyo ningelinganisha kama ningekuwa nawanunulia wanachama lori.

Kwa hayo, nimeomba Ofisi ya Chama Kikuu iongeze sentensi moja katika barua yetu ya kuomba bei, na Ndugu Meneja Mkuu amekubali. Muuzaji atatakiwa kutaja nguvu halisi ya injini kwa kilowati, na mizunguko inayohusika. Ataje kanuni iliyotumika kupima, kama ni ISO 1585, DIN au nyingineyo. Ataje nguvu ya kuzungusha kwa nyutoni-mita. Na kwa trekta ataje nguvu ya shafti ya nyuma pia. Muuzaji mwenye kitabu cha kiwanda atajibu kwa dakika tano. Asiyeweza kujibu, mwulizeni hicho anachokiuza amekitoa wapi. Jibu lake libandikwe katika jalada pamoja na profoma, ili mkaguzi atakayekuja baada ya miaka miwili alikute, asianze kutoa 96 katika 131.

Nanyi makatibu, hati inapofika, andikeni namba pamoja na herufi zake katika daftari la mali. "Injini 96" si maelezo. "Kilowati 96 katika mizunguko 3,800" ni maelezo. Hatungekubali kuandika katika stakabadhi ya kahawa "amepokea 40" bila kusema ni kilo au ni magunia.

Katika bahasha mlizogawiwa asubuhi mna profoma nne ambazo tumezifuta majina ya wauzaji. Ni za matrekta, na zote nne ziliwahi kupelekwa kwa vyama vyetu. Naomba tuzifungue sasa, kila meza ichukue moja. Iliyo juu inasema "HP 80" na haina neno jingine lolote. Ndugu Katibu uliyekaa karibu na dirisha, tuanze na wewe: kabla hujaipeleka karatasi hiyo mbele ya bodi, utamwuliza nini muuzaji?